Kirikuu yangu inashtuka nikiingiza gia ya pili: ni klachi au ni mguu wangu?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeendesha IST kwa miaka kadhaa, lakini biashara yangu ya maji ya kunywa imenilazimu kununua kirikuu, Suzuki Carry ya manyuo. Leseni ninayo na gia nilifundishwa chuoni, ila tangu hapo nimeendesha otomatiki tu. Kuondoka nimeshaweza, japo kwenye vilima vya Kimara nikiwa na mzigo huwa inanizimikia. Kinachonikera zaidi ni mshtuko: kila nikitoka ya kwanza kwenda ya pili gari linatikisika, chupa za maji huko nyuma zinagongana, na kijana wangu wa mzigo anabaki kusema "bosi, taratibu." Gia za juu hazinisumbui sana. Fundi amelisikiliza likiwa limesimama, akasema klachi imekwisha ninunue seti nzima. Ni kweli, au ni mimi? (Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam)*

Marahaba, binti yangu. Usinunue seti ya klachi bado. Klachi iliyokwisha haichagui gia ya pili peke yake ikaacha nyingine. Tena ikichoka, kwa kawaida inateleza kwanza kwenye gia za juu, ambako wewe hulalamiki, na kwenye vilima, ambako gari lako linazimika badala ya kuteleza. Kipimo cha kuhakikisha nitakupa mwishoni, utakifanya mwenyewe kabla hujampa fundi hata shilingi. Kwa maelezo yako, nina hakika kubwa kwamba shida iko kwenye mguu wa kushoto, nao unafundishika.

Elewa kwanza kinachotokea chini ya kiti chako, maana kwenye Carry injini iko hapo hapo chini yako. Injini inazunguka kwa kasi yake, na magurudumu yanazunguka kwa kasi yake. Kati yao kuna pleti ya klachi, iliyobanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha pleti, bamba linaloisukumia hapo. Ukikanyaga pedeli, pleti inaachiwa na kila upande unazunguka kivyake. Ukiachia, inabanwa tena na pande mbili zinalazimika kuwa na kasi moja. Kama kasi hizo zilikuwa zimeshakaribiana, hutahisi kitu. Kama zilikuwa mbali, moja lazima iivute nyingine kwa nguvu, na huo mvuto ndio unaogonganisha chupa zako. Mtazame konda anavyoshuka daladala kabla haijasimama: anakimbia nayo hatua chache, na miguu yake inagusa lami ikiwa tayari na mwendo wa gari. Akishuka akiwa amekakamaa, anaanguka. Kubadili gia bila mshtuko ni kazi hiyo hiyo. Ulinganishe kasi kwanza, ndipo uachie.

Kwa nini basi ya pili ndiyo inayokusumbua? Kwa sababu pengo kati ya ya kwanza na ya pili ndilo kubwa kuliko yote katika giaboksi nyingi. Tuseme unaiacha ya kwanza injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo ule ule wa gari, gia ya pili inaitaka injini iwe kwenye mizunguko kama 1,700 hivi. Ni mteremko mkubwa. Ukitoka ya nne kwenda ya tano kwenye 3,000, injini inatakiwa kushuka hadi 2,300 au 2,400 tu. Kila giaboksi ina hesabu zake, lakini umbo la mambo ni hilo: kadiri unavyopanda, ndivyo mapengo yanavyopungua na makosa ya mguu yanavyosamehewa.

Watu wengi huchanganywa na jambo moja hapa. Gia yenyewe inaingia laini, mkono hausikii ukwaruzo wowote, halafu gari linashtuka. Wanashangaa: gia si imeingia vizuri? Imeingia vizuri kwa sababu ndani ya giaboksi kuna pete za shaba, singronaiza, zinazolinganisha kasi ya meno kabla hayajashikana. Cadillac ndio waliozileta kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1928, na kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, kama wanavyofanya hadi leo madereva wa malori yasiyo na pete hizo. Lakini singronaiza kazi yake inaishia ndani ya giaboksi. Kulinganisha injini na pleti hakufanywi na kifaa chochote kwenye gari lako. Kunafanywa na wewe.

Sasa tujue unakosea upande gani, maana kuna pande mbili na dawa zake zinapingana. Kijana wako wa mzigo atatusaidia. Mwambie aangalie chupa zinasogea wapi gari linaposhtuka. Zikisogea nyuma, kuelekea mlango wa bodi, maana yake gari lilirushwa mbele: umeachia klachi injini ikiwa bado na kasi ya juu. Aliyezoea haraka, au anayeogopa gari lisimzimikie, huwa hivyo. Zikisogea mbele kuelekea kebini, gari lilikamatwa kama lililofungwa breki: injini ilikuwa imeshuka mno, na magurudumu yakalazimika kuipandisha. Hiyo ni dalili ya anayekawia sana kwenye fri, yaani pasipo gia yoyote, au anayeachia klachi ghafla bila mafuta kabisa.

Kuna chanzo cha tatu kinachofanana na hicho cha pili, nacho huwapata sana wanaotoka kwenye otomatiki. Mguu wa kulia unatangulia. Unaondoa mafuta, nusu sekunde inapita, ndipo unakanyaga klachi. Katika ile nusu sekunde gari bado liko gia ya kwanza bila mafuta, na gia ya kwanza inalikaba gari kwelikweli. Chupa zinakwenda mbele kabla hata hujagusa gia. Miguu miwili inatakiwa iende pamoja, wa kulia ukipanda wa kushoto unashuka, kwa wakati mmoja.

Kirikuu nyingi hazina mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, kwa hiyo utatumia sikio, na sikio linatosha kabisa. Kipande chenyewe, kwa ukaribu, ni hiki. Uko gia ya kwanza, mwendo kilomita 15 hadi 20 kwa saa, injini imeanza kupaza sauti. Miguu inabadilishana. Mkono unaitoa gia, unaifikisha fri, unatulia hapo kidogo tu, kisha unaiingiza ya pili. Wakati huo sikiliza: sauti ya injini inashuka. Inapofika katikati, si juu tena lakini haijafika chini kabisa kwenye mlio wa gari lililosimama, achia klachi upesi mpaka pale inapoanza kushika. Hapo mguu usimame. Usitetemeke, usiendelee, usirudi. Utahisi gari linajiunga na injini kwa upole. Kisha malizia kuachia, na mafuta yaingie taratibu kadiri klachi inavyomalizikia.

Kile kituo ndicho siri yote. Anayeambiwa "achia klachi polepole" huachia polepole safari nzima, kutoka chini hadi juu, na matokeo yake ni pleti inayosuguliwa bure na gari ambalo bado linashtuka mwishoni kwa sababu mguu umechoka. Sehemu ya chini ya pedeli haina kazi, ipite upesi. Sehemu ya juu nayo ikishashika haina kazi. Upole wote uweke pale katikati, kwenye upana usiozidi vidole viwili. Kwenye ya tatu, ya nne na ya tano kituo hicho utakifupisha hadi kisionekane.

Ili mguu uijue sehemu hiyo bila kuitafuta, fanya zoezi moja Jumapili asubuhi kwenye kiwanja tambarare kisicho na watu. Gari tupu, gia ya kwanza, mguu wa kulia uwe tayari juu ya breki lakini usiguse mafuta hata kidogo. Inua klachi kwa uvumilivu mpaka gari lianze kutambaa lenyewe. Kama gari ni la EFI, yaani mafuta yanapimwa kwa kompyuta, injini yenyewe itajiongezea kidogo isizimike. La kabureta linataka upole zaidi. Likitambaa, kanyaga klachi, simamisha, anza tena. Rudia mpaka mguu ufike pale pale bila wewe kufikiri. Ukiweza kuliondoa gari bila mafuta, ukiongezewa mafuta itakuwa rahisi mno. Nawasihi wanafunzi wasiruke zoezi hili hata kama wanaliona la kitoto, kwa sababu kila kitu kingine, kilima, foleni, rivasi, kinasimama juu yake.

Kiti kisogee ili klachi ikiwa imekanyagwa hadi chini goti bado liwe limekunjika kidogo. Vaa raba au kiatu cha chini kinachofunga mguu. Kandambili hapana, zinateleza na zinanasa chini ya pedeli. Na kwa kuwa biashara yako ni chupa, usiweke chupa yoyote, hata ile ndogo ya kunywa mwenyewe, kwenye sakafu ya dereva. Ikibingirika ikaingia nyuma ya pedeli ya breki, hutaweza kusimama.

Mkono sina mengi ya kusema juu yake. Unatumia mkono wa kushoto, na video nyingi utakazoziona mtandaoni zinaonyesha wa kulia, zisikuchanganye. Kwa ya kwanza na ya pili, kiganja kielekee upande wa abiria, gia uisukume kule huku ukiivuta au kuipeleka mbele. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, usiielekeze mahali popote: ifikishe fri, springi itairudisha katikati yenyewe, kisha isukume mbele moja kwa moja. Anayelazimisha kwa bega huishia ya tano au kurudi ya kwanza, na kurudi ya kwanza kwenye mwendo mkubwa ndiko kunakovunja vitu.

Sasa kilima cha Kimara. Hapo hakuna tatizo jipya, ni lile lile la kupata mahali klachi inaposhika, ila sasa kuna uzito unaokuvuta nyuma na bajaji imekusogelea kwenye bampa. Ukisimama, vuta breki ya mkono na utulie. Wakati wa kuondoka, ingiza ya kwanza, ongeza mafuta mpaka sauti ya injini ipande na itulie hapo, kisha inua klachi hadi kituoni. Dalili mbili zitakuambia umefika: sauti ya injini inazama, na gari linajikaza, sehemu ya nyuma ikikaa chini kidogo. Mguu wa kushoto usimame hapo hapo. Shusha breki ya mkono. Gari halitarudi nyuma. Ongeza mafuta, na klachi uimalizie likiwa linatembea. Wanaozimikiwa kilimani mara nyingi hushusha breki ya mkono kabla klachi haijashika, gari linaanza kurudi, wanashtuka na kuachia pedeli yote.

Wako madereva wenye ujuzi wanaolishikilia gari kilimani kwa klachi na mafuta tu, wanaita kubalansi, dakika nzima bila breki. Usiige. Kila sekunde unayobalansi pleti inasuguana na flaiwili na inachemka, na ile harufu kali ya kuungua unayoisikia kwenye foleni ya mlimani ndiyo hiyo.

Kuhusu mzigo nakuomba unisikilize vizuri. Hizi gari Japani zinaingia katika daraja la magari madogo, injini isizidi 660 cc na mzigo usizidi kilo 350. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo chupa 17 za lita 20 tayari ni kilo 340, kabla hujahesabu plastiki yenyewe na kreti. Ukipakia chupa 30 umebeba kilo 600. Najua mjini watu wanapakia hivyo na zaidi, na gari linakwenda. Lakini uzito huo wote unaondolewa na pleti ile ile, breki ya mkono inayovutwa kwa waya ndiyo ile ile, na kilima hakijapungua. Kama gari linakuzimikia likiwa na mzigo tu na tupu halizimi, hesabu chupa kwanza kabla ya kuulaumu mguu.

Kupangua gia unapopunguza mwendo hukuuliza, ila mshtuko wake unafuata kanuni ile ile kinyume chake. Ukitoka ya tatu kurudi ya pili, injini inatakiwa ipande. Breki zifanye kazi ya kupunguza mwendo kwanza, gia ifuate. Klachi ikiwa chini na ya pili imeshaingia, gusa mafuta kidogo sauti ipande, ndipo uachie kupitia kituo kile kile. Usipogusa mafuta, achia kwa upole zaidi.

Kwenye mteremko, usiweke fri. Wengi wanaamini inaokoa mafuta. Kwa gari la EFI ni kinyume: ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, injini inakata mafuta yenyewe na inazungushwa na magurudumu, wakati kwenye fri inabidi inywe ili isizime. Zaidi ya hapo, kwenye fri kazi yote inabaki kwa breki. Ukipata siku safari ya Iringa, na wakati wa kurudi ukateremka mlima wa Kitonga na mzigo, gia uliyopandia ndiyo uteremkie, au ya chini zaidi.

Foleni ya Barabara ya Morogoro inaua klachi kuliko kilima, kwa sababu ya kusogea mita mbili mbili. Acha nafasi mbele yako ifunguke kidogo, kisha tembea nayo gia ya kwanza klachi ikiwa imeachiwa kabisa. Mtu ataingia kwenye nafasi hiyo, mwache aingie. Foleni ikisimama, weka fri, vuta breki ya mkono, na mguu utoke kwenye klachi, maana kuupumzisha juu ya pedeli kunaila beringi yake hata kama hukanyagi kwa nguvu.

Rivasi: simama kabisa kabla hujaiingiza. Ikikwaruza, ingiza kwanza gia yoyote ya mbele, kisha rudi kwenye rivasi. Giaboksi nyingi hazina singronaiza upande huo.

Tuje kwa fundi wako. Kusikiliza gari lililosimama hakuwezi kukuambia klachi imekwisha. Fanya hivi: mahali tambarare, mbele na nyuma pawe wazi, breki ya mkono ivutwe hadi mwisho na mguu wa kulia ukanyage breki kwa nguvu. Injini iwe inaunguruma. Ingiza gia ya nne na uachie klachi bila kuisuasua. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuunguruma klachi ikiwa imeachiwa yote, pleti inateleza na fundi alikuwa sahihi. Fanya mara moja tu, maana kurudia kunaipasha moto. Kipimo cha barabarani ni kupanda kilima gia ya tatu au ya nne na mafuta mengi: sauti ikipanda na mwendo usipande, jibu ni lile lile.

Kama klachi inashika sawasawa lakini gia zote zinakwaruza, rivasi ikiongoza, pengine waya wa klachi umelegea na pedeli haiachii yote. Kwenye Carry hiyo ni kazi ya kurekebisha nati. Ikikwaruza gia moja tu, singronaiza ya gia hiyo imelika. Gari likitetemeka lote wakati wa kuondoka hata mguu ukiwa umetulia, fundi aangalie maunti, raba zinazoishikilia injini, kisha kama kuna oili inayofika kwenye pleti. Na ukisikia "ko!" moja chini ya bodi kila unapotia na kutoa mafuta, akashike propela, ile shafti ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma, aitikise kwa mkono: ikicheza, krosi, yaani viungo vyake, zimelegea. Hiyo nayo inazidisha mshtuko wa ya pili, na ni nafuu kuliko klachi.

Siku klachi itakapokwisha kweli, gharama kubwa ni kushusha giaboksi. Kwa hiyo fundi abadilishe pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na kabla hajarudisha giaboksi mwambie akuonyeshe sili ya oili ya nyuma ya injini. Ikiwa inavuja, ibadilishwe hapo hapo, la sivyo oili itailowanisha pleti mpya.